Koilova za Japani kwenye matuta ya Dar

Mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kupanga pembe za matairi, inapenda kijani. Fundi anachagua aina ya gari kwenye orodha, kompyuta inaleta vipimo vya kiwandani, kisha kioo kinaonyesha kila tairi kwa rangi: nyekundu kama liko nje ya kipimo, kijani kama liko ndani. Kuanzia hapo kazi yake ni kuzungusha spana mpaka nyekundu zote ziishe. Kwa gari lenye shokapu na springi zilezile lilizotoka nazo kiwandani, utaratibu huo unatosha na sina neno nao. Kwa gari lenye koilova, yaani shokapu na springi za kipande kimoja zenye nyuzi na pete za kupandishia na kushushia gari, hautoshi, maana vipimo vile viliandikwa kwa gari lenye kimo fulani, na kimo hicho mwenye koilova ameshakibadilisha.

Mimi koilova sikuzitafuta, zilinikuta. Niliagiza Subaru Forester SG5 mtumba kutoka Japani, na kwenye picha za mnada gari lilionekana limekaa chini kidogo, likapendeza. Lilipotoka bandarini nikaliona kwa macho, kati ya tairi na fenda vidole viwili havikupita. Nikafungua boneti. Pale juu shokapu za mbele zinapofungwa kulikuwa na sahani za chuma zenye mistari ya kupimia na bolti nne kila moja. Nikachungulia nyuma ya tairi, nikakuta springi za kijani zimeandikwa TEIN, kampuni ya Japani inayotengeneza koilova. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa mambo yake.

Kwao barabara zinaruhusu. Kwangu, kutoka lami hadi getini kuna kipande cha vumbi na mawe, na kabla ya hapo kuna matuta ambayo kila mtaa umejijengea kwa kadiri ya hasira zake dhidi ya bodaboda. Ekzosi ilikuwa inayasalimia yote, moja baada ya jingine. Kwa hiyo gari ilibidi lipande, na gari likipandishwa au likishushwa, alaimenti inapimwa upya. Hilo halina mjadala: mikono ya chini (vyuma vinavyoshika tairi kwa chini) na tairodi (fimbo zinazogeuza tairi ukikata usukani) vyote huchora tao gari linapopanda na kushuka, lakini kila kimoja kina tao lake, na kwa kuwa matao hayo hayalingani, kimo kikibadilika tairi nalo hugeuka kidogo.

Watu wengi hukimbilia kwenye mashine siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya mashine, na ndiyo sehemu ambayo hakuna gereji ya alaimenti itakufanyia bila kuombwa.

Mimi nilianza na kutu. Mikoa ya kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo huingia chini ya gari ikakaa. Koilova za nyuma nyuzi zake zilikuwa zimegeuka kahawia, pete ya kufungia haisogei hata kidogo. Fundi wa mtaani kwetu akachukua nyundo na patasi. Nikamwambia, "Fundi, subiri kwanza." Meno ya pete zile yakishaliwa na patasi, hakuna spana itakayoyashika tena, na pete moja hununui peke yake hapa mjini. Tulizilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu tukaziacha zilale, kesho yake tukasugua nyuzi kwa brashi ya waya kutoka chini kwenda juu, tukapuliza mchanga kwa upepo wa kompresa, ndipo tukatumia zile spana za ndoano, mbili, moja inashikilia na nyingine inafungua. Zikaachia zenyewe. Tulipomaliza kurekebisha, fundi huyohuyo wa patasi akaja na wazo zuri kuliko langu: akakata vipande vya tyubu ya baiskeli, akavivalisha kwenye nyuzi baada ya kuzipaka grisi. Mpaka leo tope haliingii.

Kupandisha kwenyewe kuna njia mbili, na hapa ndipo nasikia watu wakibishana vijiweni. Kwenye koilova za aina yangu kuna pete iliyobeba springi, na kuna braketi ya chini inayofungwa kwenye mguu wa tairi. Ukizungusha pete ya springi kwenda juu, gari linapanda, kweli. Lakini shokapu inabaki imerefuka zaidi ya ilivyokusudiwa, na tairi likiingia kwenye shimo haibaki njia ya kutosha ya kulifuata, unasikia "ta!" kwa juu. Ukizungusha mwili wa shokapu ndani ya braketi ya chini, urefu wote unabadilika na springi inakaa vilevile. Njia ya pili ndiyo ya kupandishia. Isipokuwa usizidishe: nyuzi zinazobaki ndani ya braketi ndizo zilizobeba gari, zikiwa chache unacheza na roho za watu.

Halafu unapima. Kimo cha gari usipime kutoka chini, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, wima, kwa sababu hewa ya tairi na sakafu vinadanganya. Pima kona zote nne na uandike. Zangu za mbele zilipishana karibu sentimita 1, na sababu haikuwa springi kuchoka, ni pete tu zilikuwa hazijakaa sawa kulia na kushoto. Pete zikipishana, uzito wa gari unakimbilia kona mbili za mshazari, na gari linakuwa mfano wa stuli yenye mguu mmoja mfupi. Mashine itakusomea vipimo vya stuli hiyo vizuri kabisa, itakuprintia na karatasi, na gari litaendelea kuvuta.

Kuna na suala la dereva. Sisi tunakaa kulia, na uzito wa mtu mmoja unatosha kushusha kona ya mbele kulia kwa milimita kadhaa. Kwa springi laini za kiwandani watu hawahangaiki nalo. Mimi nilihangaika. Nilichukua mfuko wa saruji wa kilo 50, nikaufunga kwenye khanga kuukuu nikauketisha kiti cha dereva, na dumu la maji la lita 20 nikaliweka chini ya usukani. Jumla 70, karibu na uzito wangu siku za mfungo. Majirani walicheka sana kuona mfuko wa saruji umefungwa mkanda.

Jambo ambalo fundi wa mtaani hakulikubali mpaka alipoliona kwa macho ni bushi. Bushi za mpira za mikono ya chini hufungwa kwa bolti inayobana bomba la ndani, na mpira umegandana na bomba hilo. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, mpira unakuwa umelala kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari, mpira unajikunja, na muda wote gari likitembea wenyewe unataka kurudi ulikotoka. Unainua gari kidogo, unapotosha kimo ulichopima, na unachanika kabla ya siku zake. "Bosi, bolti ni bolti," aliniambia. Tulilegeza zote, tukashusha gari kwenye matofali mapana lisimame kwa magurudumu yake, tukalitikisa, kisha tukapima tena kabla ya kukaza. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka milimita 6 bila mtu kugusa pete. Akanyamaza, akachukua spana.

Na ukishatoa jeki, usipime papo hapo. Matairi yanakuwa yamebanana kwa ndani, gari limekaa juu kuliko kimo chake halisi. Liendeshe mpaka barabarani urudi, lipite tuta moja au mawili, ndipo upime.

Sasa pembe zenyewe. Tou ni mwelekeo wa matairi yakitazamwa kutoka juu: pua zikikaribiana ni toini, zikiachana ni toauti. Kemba ni jinsi tairi linavyoegemea ukilitazama kwa mbele: kichwa kikiingia kwa ndani ni hasi, kikitoka nje ni chanya. Kasta ni mlalo, kwa kutazama ubavuni, wa mhimili ambao tairi huuzungukia unapokata kona. Ndiyo inayorudisha usukani katikati wenyewe. Katika hizo tatu, inayokula tairi kwa kasi kuliko zote ni tou. Kemba inasingiziwa sana. Utamsikia mtu akisema "kemba imekula tairi langu kwa ndani", ukipima unakuta kemba ni digrii 1 na nusu hasi, ambayo peke yake tairi huibeba bila shida, ila tou iko nje vibaya, nayo kemba imechagua tu upande wa kuliwa.

Hesabu yake nyepesi. Tairi langu ni 215/60R16, kipenyo chake ni kama milimita 664. Ukingo wa mbele wa tairi ukikaa nje ya mstari wa safari kwa milimita 1 kulinganisha na ukingo wa nyuma, basi kwa kila kilomita tairi linataka kwenda upande mita 1 na nusu, na kwa kuwa gari halilipi ruhusa, linasugua. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Hizo ni mita 285 za kusugua lami kwa ubavu. Na milimita 1 ni tofauti ambayo macho hayaioni. Mashine ilipolisoma tairi langu la mbele kushoto ilikuta 4.

Kabla ya kupima mkono unaweza kukuambia. Paka kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwama kwenye kingo za vitufe vya mpira zilizochongoka. Ukihisi msumeno huo, ujue ni tou, hata kama gari linakwenda moja kwa moja bila kuvuta. Tou ikiharibika sawasawa pande zote mbili gari halivuti kabisa, ndiyo maana inakula kimyakimya.

Gereji ya kwanza niliyokwenda siitaji. Ina mashine nzuri na sehemu ya kusubiria yenye runinga. Nilimweleza kijana aliyepokea gari kwamba lina koilova na lina sahani za kemba, zile za juu ya shokapu, naomba tukubaliane namba kwanza. Akasema sawa sawa, akaliingiza. Nilipoitwa, kazi imekwisha: tou ya mbele imerekebishwa, ya nyuma haikuguswa "kwa sababu nyuma iko fiksi", na kemba ya mbele imesukumwa ikaingia kwenye kijani kwa kuzungusha bolti ya juu ya shokapu, wakati sahani za juu, upande mmoja zimevutwa ndani na wa pili ziko katikati, zimeachwa vilevile. Usukani ulikuwa umekaa upande, si katikati. Niliporudi kulalamika, nikaambiwa gari likishafungwa vitu vya mashindano ndivyo linavyokuwa.

Nyuma ya Forester hii haiko fiksi. Tou ya nyuma ina bolti zake kwenye linki za chini, zenye duara lililoegemea upande; ukiizungusha, linki inasogea ndani au nje. Ambayo haina marekebisho ya kiwandani nyuma ni kemba. Mbele, kemba ina bolti ya namna hiyohiyo, ile ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu, na kasta haina kitu, unaisoma tu. Ikipishana sana kulia na kushoto ujue kuna bushi imekufa au chuma kimepinda. Haya yote nayaandika kwa sababu fundi wa mashine anapokea magari ya kila aina kutwa nzima. Huwezi kumlaumu kwa kutokariri gari lako. Mwenye gari ndiye anatakiwa ajue bolti zake ziko wapi.

Gereji ya pili ilikuwa ya mzee mmoja, mashine yake ya zamani kidogo, vishikio vyake vimekwanguka rangi. Nilimkuta asubuhi kabla foleni haijaanza. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha karatasi yenye namba zangu: mbele kemba hasi 1.2 kulia na kushoto, tou sifuri. Nyuma toini milimita 1 kila upande. Kemba ya nyuma itakavyokuwa iwe. Akaisoma kwa muda, akavua miwani.

"Nani kakupa namba hizi?"

"Nimezipanga mwenyewe, mzee. Gari nalitumia kila siku, na mara moja moja nakwenda mikoani. Sikimbii mashindano."

"Kwenye kompyuta yangu zitakuwa nyekundu."

"Ziache ziwe nyekundu."

Akacheka. Akasema tatizo lake ni karatasi: mteja akiondoka na karatasi yenye nyekundu, kesho anakuja mwingine kusema mzee hajui kazi. Tukakubaliana aandike kwa mkono pembeni kwamba vipimo ni kwa maombi ya mteja, nami nisaini. Nikaongeza hela juu ya bei yake ya kawaida, kwa sababu kazi hii inakula muda wa magari mawili. Mtu anayetaka fundi akae na gari lake nusu siku kwa bei ya dakika ishirini anajidanganya.

Kwa nini hasi 1.2? Koilova ni ngumu kuliko springi za kiwandani, gari halilali sana kwenye kona, kwa hiyo halihitaji kemba kubwa. Lakini ikiwa sifuri kabisa, kwenye kona bega la nje la tairi ndilo linabeba kila kitu. Kati ya 1 na 1 na nusu ni mahali pazuri kwa gari la nyumbani. Toini kidogo ya nyuma inalituliza gari kwenye mwendo wa barabara kuu, hasa basi kubwa linapokupita na upepo wake. Wenye kutaka gari la kukata kona kwa ukali watakuwa na namba zao, sibishani nao.

Tahadhari moja kuhusu namba hizi. Mashine nyingine zinaandika kwa desimali, nyingine kwa digrii na dakika. Digrii 1 ni dakika 60. Kwa hiyo 1.2 ni digrii 1 na dakika 12, si dakika 20. Mashine ya mzee ilikuwa ya dakika, karatasi yangu ya desimali. Tulikaa tukazigeuza zote kwa kalamu kabla ya kugusa spana.

Tukaweka upepo sawa kwenye matairi, tukapakia saruji na dumu (mzee alishauona mfuko wa mchanga kazini huko nyuma, hakushangaa), tukafunga vipimo. Akaanza na nyuma, na hapo nikajua nimefika kwa mtu anayeijua kazi. Nyuma ndiyo inayosema gari linaelekea wapi. Tou za nyuma zikielekea kushoto, mkia wa gari unasukumwa upande huo na pua inataka kwenda kulia, na wewe unakwenda na usukani umepinda ili kulifidia. Ukianza na mbele, unalinganisha matairi ya mbele na uongo.

Bolti ya nyuma kulia ikakataa. Nati ilifunguka vizuri, lakini bolti yenyewe ilikuwa imeshikana na bomba la bushi kwa ile chumvi ya Japani. Ukizungusha kichwa, bushi nzima inajipinda nayo na kurudi. Subaru nyingi zilizotoka kwenye baridi zinaumwa ugonjwa huu. Mzee akasema tusihangaike na moto, tutaunguza mpira. Kijana wake akaingia na grenda, akaikata bolti pande mbili kati ya linki na bodi, cheche zinaruka mpaka mlangoni. Mimi nikapanda bajaji kwenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kutafuta bolti, washa zake mbili na bushi. Duka la kwanza walinipa bolti ya kawaida wakaniambia ni ileile. Haikuwa ileile: duara lake lilikuwa katikati, lingezunguka mpaka kesho bila kusogeza kitu. Duka la tatu wakaitoa yenyewe, ya mtumba lakini nyuzi safi. Nikainunua na ya upande wa pili kabisa.

Mchana tukaendelea. Nyuma ikakaa. Kemba za nyuma zikasoma kushoto hasi 1.4, kulia hasi 1.1. Kuna bolti maalumu na linki za kurekebishika za kusawazisha hilo, nikaamua kuacha. Kwa tofauti ya dakika 18 nyuma, gari la kwenda kazini halitajua.

Mbele tulianza na sahani za juu: zote mbili zirudishwe kwenye mstari uleule, kulia na kushoto, ndipo ile bolti ya kemba inayoshika shokapu imalizie. Utaratibu huu una sababu. Gari lenye sehemu mbili za kurekebisha kemba linaweza kukupa namba sawa kwa njia mbili tofauti, na njia moja inaacha mhimili wa usukani umelala tofauti kulia na kushoto. Kioo kinasema kijani, mikono inasema gari linavuta. Kemba ilipokaa, mzee akasoma tou, ikawa imehama kabisa kutoka pale tulipoikuta asubuhi. Ndiyo kawaida, ukigusa kemba, tou inahama, kwa hiyo tou ni ya mwisho siku zote. Akafunga usukani kwa kile chuma cha kuushikilia ukiwa umenyooka, akalegeza nati za tairodi, akazungusha kulia kidogo, kushoto kidogo, jicho kwenye kioo. Sifuri. Dakika 2. Sifuri. Akakaza nati, namba ikaruka, akalegeza akairudia, safari hii akiikosesha kwa makusudi upande wa pili ili kukaza kuirudishe. Mkono wa miaka hiyo haufundishwi na kompyuta.

Kabla gari halijatoka nilipaka alama kwenye kila bolti tuliyogusa, mstari mmoja unaopita kwenye nati na chuma kilicho chini yake. Nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Bolti ikisogea, mstari unakatika, unauona bila kupima chochote.

Majaribio usiyafanye kwenye barabara yoyote tu. Barabara zetu zimeinama kuelekea pembeni ili maji yatoke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lililo sawa kabisa litashuka taratibu kwenda kushoto ukiachia usukani. Watu wanarudi kwa fundi kwa sababu hiyo, fundi anafidia, na gari linaharibika likiwa zima. Tafuta uwanja ulio sawa au barabara pana usiku usio na magari, upite katikati.

Nyumbani nimejiwekea kipimo changu cha kukagua, nacho hakina umeme. Natumia mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni. Naufunga kwenye stendi mbili, moja mbele ya gari na moja nyuma, urefu wa katikati ya rimu, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Naisawazisha mistari yote miwili mpaka umbali kati yake mbele na nyuma ulingane, na umbali kutoka katikati ya kila rimu ulingane kulia na kushoto. Baada ya hapo ni rula tu: ukingo wa mbele wa rimu hadi kwenye mshipi, ukingo wa nyuma hadi kwenye mshipi, toa. Kumbuka rimu ni ndogo kuliko tairi, kwa hiyo milimita 1 kwenye tairi inasomeka kama theluthi mbili tu ya milimita kwenye rimu. Kwa kemba natumia timazi ya fundi mwashi: naining'iniza mbele ya rimu, napima pengo la juu na la chini. Rimu ya inchi 16 kutoka ukingo hadi ukingo ni kama milimita 440, na hapo digrii 1.2 ni tofauti ya milimita 9 hivi. Matairi ya mbele nayakanyagisha juu ya vigae viwili viwili vyenye grisi katikati, yasigande kwa msuguano wa sakafu. Haifikii mashine ya mzee, ila inatosha kuniambia kama kuna kitu kimehama baada ya kuliingiza kwenye shimo.

Naulizwa mara kwa mara kuhusu kile kitasa cha juu cha kukaza na kulegeza shokapu, kama kinaharibu alaimenti. Hakiharibu. Kinabadilisha kasi ya shokapu kujikunja na kurefuka, pembe hazihusiki. Na wala hakitibu gari linalovuta, hata ukikikaza mpaka mwisho. Kinachoharibu ni kugusa kimo. Ukizungusha pete, hata kidogo, hata upande mmoja tu "kwa sababu nilikuwa nimebeba mzigo", vipimo vyote vimekwisha.

Matairi yangu nayapaka kiganja kila ninapotoka safari ndefu. Yanateleza pande zote. Bushi za nyuma za mikono ya mbele zimeanza kupasuka, nimeshaagiza nyingine; zikifika nitazikaza gari likiwa chini, nitapakia saruji, na nitamrudia mzee na karatasi ileile.